Kuzuru Misekoya ya Mariposa: Historia ya Msitu Uliohifadhiwa kwa Ajili ya Wageni

Katika miteremko ya magharibi ya safu ya milima ya Sierra Nevada, jimboni California nchini Marekani, huota mti ambao kwa asili yake hauoti mahali pengine popote duniani. Wataalamu wa mimea huuita Sequoiadendron giganteum, na katika sura hii utaitwa msekoya, wingi wake misekoya, kwa kufuata desturi ya Kiswahili ya kuupa mti mgeni nafasi katika ngeli ya miti wenzake, kama ilivyofanyika kwa mkaratusi. Ni wa jamii moja na mtarakwa wa nyanda za juu za Kenya na Tanzania, ingawa anayeujua mtarakwa asingeweza kuukisia undugu huo kwa macho. Msekoya mkubwa kuliko yote, uitwao General Sherman, una kimo cha mita 83.8, na ujazo wa shina lake umekadiriwa kuwa mita za ujazo 1,487, kiasi ambacho hakuna mti mwingine ulio hai na wenye shina moja unaojulikana kukifikia. Mbuyu huweza kuukaribia unene huo, lakini mbuyu hunenepa ukabaki mfupi. Msekoya hunenepa kama mbuyu na bado ukapanda juu kuliko jengo la ghorofa ishirini.

Misekoya haikuenea milimani kama msitu mmoja. Imesalia katika makundi yapatayo 75, mengi yakiwa katika mwinuko wa kati ya mita 1,400 na 2,150 juu ya usawa wa bahari, na kila kundi limezungukwa na misonobari na miberoshi ya kawaida, hata likawa kama kisiwa cha majitu katikati ya bahari ya miti ya kadiri. Kundi la namna hiyo huitwa hapa kisitu. Kisitu cha Mariposa, kilicho upande wa kusini wa Hifadhi ya Taifa ya Yosemite, kina misekoya iliyokomaa ipatayo 500. Si kikubwa kuliko vyote, wala hakina mti ulio mkubwa kuliko yote, lakini kina historia isiyo na mfano, kwa sababu ndicho kisitu cha kwanza cha misekoya kulindwa kwa sheria, na sheria iliyokilinda ilitaja tangu mwanzo kwamba kinalindwa ili watu waje kukitazama. Kutokana na shabaha hiyo yalizaliwa mema yake yote, na pia sehemu kubwa ya madhara yaliyokipata.

Mti mashuhuri wa Mariposa ni ule uitwao Grizzly Giant, wenye kimo cha mita 64 hivi na umri unaokadiriwa kuwa takriban miaka 3,000. Umri wa msekoya uliokatwa hujulikana kwa kuhesabu pete za mwaka, yaani miduara ambayo mti huongeza mmoja mmoja ndani ya shina kila msimu wa kukua, na msekoya wenye pete nyingi kuliko yote iliyohesabiwa ulikuwa na pete 3,266. Ule ulio hai hukadiriwa tu kwa vipimo vya shina. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulipoanza kujengwa katika karne ya 11, Grizzly Giant, kwa makadirio hayo, ulikuwa umekwisha kusimama kwa miaka elfu mbili.

Wenyeji wa eneo hilo, Wamiwok wa kusini, waliijua misekoya muda mrefu kabla ya mgeni yeyote kudai kuwa ameigundua. Jina la Wawona, mahali palipo karibu na kisitu, hunasibishwa na neno la lugha yao linaloiga mlio wa bundi, ndege ambaye kwa mapokeo yao alikuwa mlinzi wa miti hiyo mikubwa. Msomaji wa Kiswahili, aliyezoea kumhesabu bundi kuwa ndege wa mkosi, hana budi kuligeuza wazo hilo kichwani mwake: kule bundi alilia kuulinda mti. Jambo lililokuwa zito zaidi kwa hatima ya msitu, hata hivyo, ni kwamba Wamiwok na majirani zao waliitumia mioto midogo, iliyotambaa chini na kula majani makavu na vichaka, ili kuuweka msitu wazi kwa mawindo, kwa kutembea na kwa kustawisha mimea waliyoila au kusukia vikapu. Mwaka 1851, katika harakati za kuwaondoa wenyeji kwenye ardhi iliyotamaniwa na wachimba dhahabu, wanamgambo walioitwa Kikosi cha Mariposa waliingia katika bonde la Yosemite kuwasaka watu wa chifu Tenaya, wakaziteketeza akiba zao za chakula na kuwafukuza. Jina la Mariposa, neno la Kihispania lenye maana ya kipepeo, lilikuwa tayari jina la wilaya; likawa jina la kikosi hicho, kisha likawa jina la kisitu. Uhifadhi unaosimuliwa hapa ulianza juu ya ardhi ambayo watunzaji wake wa awali walikuwa wametoka kuondolewa kwa nguvu, na historia isiyolisema hilo mapema itashindwa baadaye kueleza habari ya moto.

Wazungu wa kwanza walioandika juu ya miti hiyo walipita mwaka 1833 pamoja na msafara wa Joseph Walker, lakini maandishi yao hayakuvuta macho ya watu. Habari zilienea mwaka 1852, pale mwindaji aitwaye Augustus Dowd, aliyekuwa akimfuata dubu aliyejeruhiwa, alipojikuta katika kisitu cha Calaveras, kaskazini ya Mariposa. Mwaka uliofuata wafanyabiashara waliuangusha mti uleule aliouona kwanza. Kwa kuwa hapakuwa na msumeno wa kuutosha, watu watano walifanya kazi kwa siku 22 wakitoboa matundu kuzunguka shina kwa keekee ndefu, mpaka mti ukakosa mahali pa kusimamia. Kisiki chake kilisawazishwa kikawa uwanja wa dansi. Mwaka 1854 mti wa pili, ulioitwa Mama wa Msitu, uliambuliwa gome lake ungali umesimama, kuanzia chini hadi mita 35 hivi juu, na gome hilo likasafirishwa kwa meli kwenda kuonyeshwa New York, kisha London, ambako liliteketea kwa moto mwaka 1866. Mti wenyewe ulikufa, kwa maana gome ndilo ngozi ya mti, na chini yake ndimo hupita chakula kinachotoka kwenye majani kuelekea mizizini. Wengi walioliona gome katika maonyesho hawakuamini. Walidhani ni vipande vya miti mingi vilivyounganishwa kwa hila. Mti uliuawa ili watu wauone, na watu walipouona hawakuusadiki.

Wakati huohuo wataalamu waligombania jina la msekoya. Mwaka 1853 Mwingereza John Lindley aliuita Wellingtonia, kwa heshima ya jemadari wa nchi yake aliyekuwa amefariki mwaka uliotangulia, jambo lililowachukiza Wamarekani. Jina linalotumika leo halikupatikana hadi mwaka 1939, ingawa watunza bustani wa Uingereza, ambako mbegu zilipelekwa na kuoteshwa tangu miaka ya 1850, wangali wanalitumia lile la kwanza.

Kisitu cha Mariposa kiliingia katika maandishi kupitia kwa mtu aliyekwenda milimani kufa. Galen Clark alifika California mwaka 1853, katika wimbi la watafuta dhahabu, na baada ya miaka michache mapafu yake yaliharibika kwa kifua kikuu kiasi kwamba waganga walimpa miezi michache tu ya kuishi. Aliamua kuimalizia katika hewa ya milimani, akajenga kibanda Wawona, na mwezi wa Mei mwaka 1857, pamoja na mwenzake Milton Mann, akaifikia misekoya. Hakufa. Aliishi hadi mwaka 1910, zikiwa zimebaki siku nne kutimiza miaka 96, baada ya kuchimba kaburi lake mwenyewe katika bonde la Yosemite na kulizungushia miche ya misekoya aliyoipanda kwa mikono yake. Katika miongo hiyo mitano aliwapokea wageni, aliwaongoza kwa miguu na kwa farasi, alichora njia za kwanza za kisitu, na kuwazoesha watu kuona kwamba mti wa namna ile ni wa kuuendea ulipo.

Taarifa zake na za wageni wa mwanzo zilienea kwa njia ya magazeti, na zaidi kwa picha. Mwaka 1861 mpiga picha Carleton Watkins aliibeba milimani kamera kubwa mno, iliyotumia vioo vizito badala ya filamu, na akaupiga picha Grizzly Giant pamoja na watu waliosimama kwenye tako lake ili ukubwa wake ueleweke. Picha hizo ziliufanya upande wa mashariki wa Marekani uamini yale ambayo gome halikuweza kuuaminisha. Mwaka 1864 Seneta John Conness wa California alipeleka katika Seneti mswada wa kulikabidhi jimbo lake bonde la Yosemite na kisitu cha Mariposa. Hoja zake zinastahili kuangaliwa kwa makini. Aliwahakikishia wenzake kwamba ardhi yenyewe haikuwa na faida yoyote ya kiuchumi, kisha akawakumbusha jinsi Waingereza walivyolidharau gome la California na kuliita udanganyifu wa Kimarekani. Kwa maneno mengine, miti ilipata ulinzi kwa sababu ilionekana haina thamani sokoni, na kwa sababu taifa lililodharauliwa lilitaka kuwa na kitu cha kuonyesha. Rais Abraham Lincoln aliutia saini mswada huo tarehe 30 Juni 1864, majeshi yake yakiwa yamezingira mji wa Petersburg katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Sheria ilikitengea kisitu eneo lisilozidi maili nne za mraba, yaani ekari 2,560, kwa sharti kwamba litumiwe na umma kwa matembezi na mapumziko, na lisiuzwe wala kuhamishiwa mikononi mwa mtu binafsi milele.

Mwenyekiti wa kwanza wa kamati iliyopewa dhamana hiyo alikuwa Frederick Law Olmsted, mmoja wa wasanifu wa bustani kuu ya mji wa New York, ambaye wakati huo alisimamia migodi ya dhahabu karibu na hapo. Mwezi wa Agosti mwaka 1865 aliwasomea wenzake ripoti ambayo, kwa maoni ya mwandishi wa sura hii, ndiyo maandishi yenye upeo mrefu kuliko yote yaliyopata kuandikwa juu ya mahali hapo. Alieleza kwamba wageni, waliokuwa mamia kwa mwaka, wangekuwa maelfu, na katika muda wa karne moja wangehesabiwa kwa mamilioni, kwa hiyo dhara dogo linalofanywa leo na mtu mmoja sharti lipimwe kana kwamba limefanywa na hao mamilioni. Kwake yeye, kazi ya msimamizi ilikuwa kumwezesha kila raia, tajiri na maskini, kufika, na papo hapo kuzuia ujio huo usikiharibu kile ambacho watu wamekuja kukiona. Baadhi ya wanakamati waliona kwamba gharama alizozipendekeza zingepunguza fedha za kazi nyingine, wakaizuia ripoti isifike kwenye bunge la jimbo. Ilitoweka, haikuchapishwa hadi mwaka 1952. Kwa miaka karibu 90 kisitu kiliendeshwa bila mawazo ya mtu aliyekuwa ameyaona matatizo yake kabla hayajatokea.

Lililokuja badala yake lilikuwa biashara ya kawaida ya utalii. Clark aliteuliwa kuwa mlinzi rasmi mwaka 1866, lakini hakuwa na tabia ya kibiashara, na mwishoni mwa mwaka 1874 nyumba yake ya wageni iliangukia mikononi mwa ndugu wa ukoo wa Washburn, waliokuwa mahodari wa kujenga barabara na hoteli. Magari ya farasi yalianza kuleta abiria hadi kwenye miti. Mwaka 1881 msekoya mmoja uliokuwa tayari na kovu kubwa la moto kwenye tako lake, ukaitwa Mti wa Wawona, ulitobolewa tundu la kutosha gari la farasi kupita katikati, na mwaka 1895 mti wa pili ukafanyiwa vivyo hivyo. Kwa muda wa vizazi vitatu, kupita ndani ya mti ndiko kulikokuwa kilele cha safari. Watu walisafiri wiki nzima ili wapigwe picha wakiwa ndani ya tundu, kisha wakarudi makwao bila kuutazama mti wowote mwingine kwa utulivu. Ni vigumu kuyasoma maelezo ya safari hizo bila kusikitika. Hata hivyo haki yadai kusemwa kwamba picha hizo ndizo zilizolifanya jina la misekoya lijulikane katika kila nyumba ya Marekani, na kwamba bila umaarufu huo pangekosekana wapiga kura wa kuitetea pale ilipotakiwa kutetewa.

Na kutetewa kulihitajika, kwa kuwa visitu visivyokuwa na sheria vilikuwa vikifyekwa. Katika bonde la Converse, kusini ya Mariposa, mojawapo ya visitu vikubwa kuliko vyote kiliangushwa karibu chote kuanzia miaka ya 1890. Mbao za msekoya mzee ni nyepesi na hukatika ovyo, hata mti mzima ulipoanguka mara nyingi ulivunjika vipande, na sehemu kubwa ya shina iliachwa ioze. Kilichopatikana kiligeuzwa vigae vya kuezekea na nguzo za ua na za mashamba ya mizabibu. Hofu ya ufyekaji wa namna hiyo ilichangia kuanzishwa kwa Hifadhi ya Taifa ya Sequoia tarehe 25 Septemba 1890, na siku chache baadaye Yosemite, ambayo ililizunguka eneo la jimbo bila kulimeza.

Hifadhi hizo mpya zililindwa na jeshi. Miongoni mwa walinzi wa mwaka 1899, 1903 na 1904 walikuwamo wanajeshi Weusi wa vikosi vya Marekani, na mwaka 1903 Kapteni Charles Young, aliyezaliwa Kentucky mwaka 1864 na wazazi waliokuwa watumwa, aliiongoza Hifadhi ya Sequoia, akawa mtu Mweusi wa kwanza kushika wadhifa wa namna hiyo. Katika kiangazi kimoja askari wake walimaliza barabara ambayo ilikuwa imewashinda wengine kwa miaka, na kwa mara ya kwanza magari ya farasi yakafika chini ya miti mikubwa ya hifadhi hiyo. Wakazi walipotaka kuupa msekoya mmoja jina lake, alipendekeza uitwe kwa jina la Booker T. Washington. Young alifariki Lagos, Nigeria, mwaka 1922, akiwa kazini. Jina lake lilisahaulika kwa muda mrefu, na kwa hiyo si kupotea njia kulitaja hapa hata kama kisitu chake hakikuwa Mariposa.

Mariposa nayo, katika mwaka huohuo wa 1903, ilipata wageni waliobadilisha hadhi yake. Miaka 32 kabla, mwanafalsafa Ralph Waldo Emerson alipoletwa kisituni, kijana mzaliwa wa Uskoti, John Muir, alimsihi alale usiku mmoja chini ya misekoya. Wenzake Emerson, wakihofia afya ya mzee wao, walikataa, naye Muir akabaki peke yake na moto wake. Tarehe 15 Mei 1903 Muir alikwenda tena, safari hii pamoja na Rais Theodore Roosevelt, na rais hakuhitaji kusihiwa. Walilala nje karibu na Grizzly Giant, na katika siku zilizofuata Muir alipata nafasi ambayo hakuna mwombaji wa ikulu angeipata, ya kumweleza kwa kituo kwamba jimbo lilikuwa limeshindwa kutunza dhamana yake. Mwaka 1906 bonde na kisitu vilirudishwa kwa serikali kuu na kuunganishwa na hifadhi ya taifa.

Hadi hapo uhifadhi ulieleweka kuwa ni kuzuia: kuzuia shoka, kuzuia mifugo, na juu ya yote kuzuia moto. Yeyote aliyeona msitu ukiungua aliona adui, na kila moto ulizimwa kwa bidii iliyozidi kadiri miaka ilivyokwenda na watu walivyopata vifaa. Aliyetilia shaka mapema alikuwa Clark mwenyewe. Mwaka 1894, akiwa mzee wa miaka 80, aliwaandikia wanakamati kwamba alipoliona bonde la Yosemite mara ya kwanza mwaka 1855 lilikuwa wazi, halina vichaka, kwa sababu wenyeji walilitunza kwa moto wa kila mwaka, na kwamba tangu wageni waanze kulisimamia lilikuwa likijifunga. Maneno hayo hayakufuatwa.

Jibu lilikuja kupitia swali jingine. Mnamo miaka ya 1950 wasimamizi walikuwa na wasiwasi kwamba nyayo na magurudumu ya wageni yalikuwa yakiua miti. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, kwa kuwa msekoya hauna mzizi mkuu unaozama ardhini. Mizizi yake hutambaa, mara nyingi isifike mita mbili kwenda chini, huku ikienea makumi ya mita kutoka kwenye shina, hivyo mgeni anayeukaribia mti huwa tayari anatembea juu yake kabla hajaugusa. Mtafiti Richard Hartesveldt alifanya uchunguzi wake wa shahada ya uzamivu hapo Mariposa, akaukamilisha mwaka 1962. Alikwenda kutafuta madhara ya miguu, lakini alichorudi nacho ni kwamba athari kubwa zaidi ya binadamu katika kisitu ilikuwa kutokuwapo kwa moto.

Sababu yake ni ya kustaajabisha na inafaa kuelezwa kwa kituo. Tunda la msekoya, liitwalo koni, halizidi yai la kuku kwa ukubwa, na mbegu zake ni ndogo mno, zipatazo 200 kwa gramu moja. Koni hizo hukaa juu ya mti zikiwa mbichi na zimefumba kwa miaka hata ishirini. Kuchakuro, yaani mnyama mdogo wa jamii ya panya anayeishi mitini, huzikata baadhi, na mdudu fulani wa jamii ya mbawakavu hutoboa nyingine zikakauka. Lakini mvua kubwa ya mbegu hunyesha pale hewa ya moto inapopanda kutoka chini, ikazikausha koni zikafumbuka. Mbegu huanguka juu ya udongo ambao moto umekwisha kuuondolea tabaka nene la majani makavu, ambamo mche usingeweza kufikisha mzizi wake kwenye unyevu, na juu yake moto umefungua nafasi ya jua. Mti mzazi wenyewe hulindwa na gome ambalo huweza kufikia unene wa sentimita 60, lenye tanini nyingi, yaani kemikali ileile chungu inayotumika kusindika ngozi, na lisilo na ulimbo unaoshika moto. Tanini hiyo hiyo ndiyo iliyoufanya Mfalme Aliyeanguka, msekoya uliolala Mariposa kwa karne kadhaa, ubaki mgumu hata askari wa farasi waliweza kupigwa picha wakiwa wamejipanga juu yake mwaka 1899. Makovu yaliyohifadhiwa ndani ya pete za miti ya visitu mbalimbali yameonyesha kwamba kwa zaidi ya miaka elfu mbili moto ulipita mara kwa mara, kisha ukakatika katika nusu ya pili ya karne ya 19, yaani mara tu baada ya wenyeji kufukuzwa. Chini ya majitu yaliyolindwa hivyo kulikuwa kumejaa miberoshi michanga, na misekoya michanga ilikuwa karibu kukosekana kabisa. Msitu ulikuwa umehifadhiwa kama nyumba ya wazee isiyo na mtoto.

Katika Hifadhi ya Sequoia na jirani yake Kings Canyon, moto wa kupangwa, ambao wahifadhi wenyewe huuwasha katika hali ya hewa waliyoichagua, ulianza mwaka 1968. Mariposa ulianza mwaka 1971. Haikuwa rahisi kuwaeleza wageni kwa nini askari wa hifadhi, waliowaonya miaka yote juu ya kijiti cha kiberiti, sasa wanachoma msitu chini ya Grizzly Giant. Kati ya tarehe hizo mbili, katika majira ya baridi ya mwaka 1969, Mti wa Wawona ulianguka kwa uzito wa theluji, ukiwa na umri unaokadiriwa kuwa miaka 2,100. Tundu lake lilikuwa limeudhoofisha. Hakuna tundu jingine lililotobolewa, na ule uliotobolewa mwaka 1895 ungali hai. Anayepita ndani yake leo hupita kwa miguu.

Swali la nyayo, hata hivyo, halikuwa limefutwa. Barabara za lami na uwanja wa maegesho vilikuwa katikati ya kisitu, juu ya mizizi, vikikata njia za maji yanayotiririka chini ya ardhi, na msekoya ni mti wenye kiu kubwa. Kuanzia Julai 2015 hadi Juni 2018 kisitu kilifungwa kwa ukarabati uliogharimu takriban dola milioni 40, nusu yake ikichangwa na shirika la hisani la Yosemite Conservancy. Lami iling'olewa, magari ya kuwatembeza watalii yakaondolewa, vijito vikaachwa vifuate njia zao, na pale penye chemchemi pakajengwa njia za mbao zilizoinuliwa ili miguu isiguse udongo. Maegesho yalihamishiwa kwenye lango la kusini la hifadhi, ambako mgeni huacha gari lake na kuchukua basi kwa maili mbili zilizobaki. Wapo waliolalamika kwamba wamesogezwa mbali na miti. Olmsted angeuona mpango huo kuwa umechelewa kwa karne moja na nusu.

Ukarabati huo ulikamilika kabla tu ya majaribu makubwa. Ukame wa mwaka 2012 hadi 2016, joto linaloongezeka, na kuni zilizojilimbikiza kwa karne nzima viliugeuza moto wa chini, ambao misekoya iliuzoea, kuwa moto wa vilele, ambao haiuwezi. Katika visitu vya kusini, moto wa Castle wa mwaka 2020 na mioto miwili mikubwa ya mwaka 2021 kwa pamoja iliua, kwa makadirio ya wataalamu, kati ya asilimia 13 na 19 ya misekoya mikubwa yote iliyokuwapo duniani. Mti uliovumilia mioto mingi kwa miaka elfu mbili uliangamia kwa moto wa siku moja. Mwaka 2021 tako la General Sherman lilifunikwa kwa karatasi maalumu ya alumini ili lisiungue.

Zamu ya Mariposa ilifika tarehe 7 Julai 2022, moto ulipozuka pembezoni mwa kisitu, karibu na njia inayopandwa na wageni, siku isiyokuwa na radi. Wakuu wa hifadhi walisema kuwa yaelekea ulisababishwa na binadamu. Kisitu kilihamwa. Wazima moto waliondoa vijiti na magome yaliyokusanyika kwenye tako la Grizzly Giant na kuuzungushia vinyunyizio vya maji, ili hewa inayouzunguka iwe na unyevunyevu. Lakini kilichokiokoa kisitu hasa kilikuwa kimefanyika kabla: moto ulipofika mahali ambapo wahifadhi walikuwa wamepachoma mara kwa mara tangu mwaka 1971, ulikuta kuni chache, ukashuka kutoka kwenye vilele, ukatambaa chini kama mioto ya Wamiwok. Uliunguza karibu ekari 4,900 kabla haujazimwa, na misekoya mikubwa ya Mariposa ikabaki imesimama. Mwezi wa Agosti mabasi yalianza tena kupandisha wageni kutoka lango la kusini.